Mguu, Fimbo, Mguu

Chumba changu kiko nyuma ya kinu cha kusaga, Magongo.
Kuta nimezivika trei za mayai
na godoro la marehemu bibi.
Unga hupenya hata hivyo,
hutua juu ya kibodi, na asubuhi naona
vidole vyangu vya jana usiku:
vilipokwenda, viliporudi, viliposita.

Chivatsi alikuja saa nane, jua kali,
na daftari la hesabu, jasho limekula wino pembeni.
Akanisomea kwa kusimama, pasi na mdundo,
feni nimeizima, maana maikrofoni haina siri.

Simu sita za baba sikuzishika.
Ya saba alipiga mtu nisiyemjua,
akauliza: wewe ndiwe uliyeandikwa humu "Mwanangu"?

Nikakohoa. Nikamwambia, keti, nitakupikia kitu.
Nikapika kama niwapikiavyo wote:
ngoma nzito, besi ya kutikisa madirisha,
vitasa vikikimbia kama panya darini,
tarumbeta kwenye kiitikio.
Alivaa hedifoni, akasikiza mpaka mwisho,
akazivua taratibu, kama mtu avuaye kofia msibani.
"Mdundo wako wabishana," akasema.
"Mimi sibishani na mtu. Mimi najuta."

Basi nikaanza kuvua.
Tarumbeta kwanza. Makofi. Vitasa, kimoja kimoja.
Mwendo nikaushusha toka tisini hadi sabini na mbili.
Kinanda nikakiachia noti tatu tu,
nikazifunika, vile kifunikwavyo chakula cha aliyechelewa.
Besi nikaiambia ikae chini ya maneno kama mkeka,
ijulikane ipo pale mtu anapoinuka.
Lakini ngoma ilikataa.
Kila niliyoijaribu ilikuja na kiatu kipya.

Adhana ya alasiri ikaingia. Nikazima.
Kinu nacho kikazimwa,
na ule ukimya ulikuwa na uzito wa gunia.
Ndipo nikamuuliza: baba yako alifanya kazi gani?

Bawabu. Usiku. Ghala la majani chai, Shimanzi.
Mguu wake wa kushoto uliwahi kuangukiwa na kreti.
"Alfajiri nilimjua kabla hajabisha hodi.
Mguu, fimbo,
halafu ule mguu mwingine
unakuja nyuma, kama mdaiwa."

Sikusema neno. Nikaishusha maikrofoni hadi sakafuni,
nikampa ufagio, nikamwambia: tembea.

Akatembea. Mlangoni hadi kwenye meza.
Mara ya kwanza alicheka.
Mara ya pili hakucheka.
Mara ya tatu bega lake likashuka lenyewe,
na kidevu, na hata pumzi ikawa ya mtu mzima.
Mara ya nne akapitiliza mlango, akaenda zake nje,
nami nikaacha inase, dakika nzima,
kuku wa jirani, bodaboda, hakuna.

Kompyuta ikaniuliza kama inyooshe.
Ndivyo ilivyofunzwa: kila pigo lirudi mstarini,
asiwepo wa kuchelewa.
Nikabonyeza hapana.
Ikauliza tena. Hapana.
Mguu wa kushoto ukabaki nyuma ya wakati,
pale pale alipokuwa nao.

Alighani mara moja tu.
Alipofika kwenye simu ya saba niliiondoa ngoma yote,
akabaki juu ya sakafu tupu,
na mita ya stima ikilia ukutani kuwa token inaisha.
Ule mlio sikuufuta.
Deni lake lingali kwenye kitabu changu, elfu moja na mia tano.
Sijui nitalidai kwa mdomo gani.

Jioni nilikuwa nausikiza peke yangu, sauti chini,
mlango wazi kwa joto.
Mama Kadzo alikuwa kwenye foleni ya kinu, debe kichwani.
Akageuka, akatazama uchochoro mtupu,
akaniuliza:

"Ni nani huyo anayekuja?"